Maswali ya Wasomaji: Wembe, Kidole na Bua Linalokataa Kukatika

Mavuno ya mpunga yakikaribia, barua zinazotufikia huwa karibu zote ni za visu. Safari hii tumechagua sita. Ili tuelewane: wembe ni kile kipande cha pembetatu kinachokwenda na kurudi mbele ya kombaini, ile mashine ya kuvunia nafaka. Kidole ni chuma chenye ncha kinachotangulia mbele yake na kugawa mabua. Sahani ni kibapa kigumu kilichomo ndani ya kidole, ambacho wembe hupita juu yake. Na kisu cha kombaini ni ufito mzima uliofungiwa nyembe hizo kwa safu. Mafundi wa kila mahali wana majina yao, lakini haya yatatosha.

Swali: Mimi ni fundi wa kuchomelea na kufua vyuma. Wateja huniletea nyembe za kombaini zilizokatika, nami huwachongea nyingine kwa springi za gari. Baadhi zinapinda, baadhi zinamong'onyoka ncha siku ya kwanza tu, na nikizizima kwa maji ndiyo zinapasuka kabisa. Nakosea wapi, ili nijirekebishe?
*Fundi, Ubaruku, Mbarali*

Fundi, tatizo limeanzia kwenye chuma ulichochagua. Springi ya gari ni chuma kizuri, ila jani lake huwa na unene wa milimita 6 hadi 10, na wembe unatakiwa uwe na milimita 2 hadi 3. Ukilifua mpaka lifikie hapo, utakuwa umelirudisha kwenye makaa mara nyingi, na kila mara ngozi ya juu inapoteza kaboni. Unaishia na wembe ambao unene wake haulingani na uso wake umelegea. Springi ziweke kwa ajili ya visu vya mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, huko ndiko unene wake una kazi. Kwa nyembe, tafuta msumeno wa duara wa kupasulia mbao uliokwisha kazi, ule wa chuma kitupu usiobandikwa vipande vya kabaidi menoni. Mara nyingi unene wake unakuwa huo huo wa milimita 2 hadi 3, kwa hiyo hufui kitu. Unakata tu kwa diski nyembamba ya grenda, huku ukipoza kwa maji.

Kabla ya kukata, pima wembe wa zamani. Ule wa kawaida wa inchi 3 una kitako cha milimita 76, urefu unaokaribia 80, ncha butu ya kama 16, na makali yenye kimo cha kama milimita 55 kutoka ncha hadi mwanzo wa kitako. Lakini riipa (mashine za kufyeka nafaka tu bila kuipura) ndogo nyingi na kombaini za mpunga za muundo wa Kijapani zinatumia nafasi ya milimita 50 kati ya kidole na kidole, kwa hiyo usikate kwa mazoea.

Toboa matundu ya ribiti, yaani pini zinazoshikilia wembe kwenye kisu, kabla ya moto. Kisha chonga mteremko wa makali, lakini usiufikishe kwenye ukali kamili. Acha ukingo wa nusu milimita hivi. Ukingo mwembamba kama karatasi huungua kwenye moto na ndio unaoanza kupasuka ukizimwa.

Sasa moto wenyewe. Wembe mzuri hauna ugumu mmoja kila mahali. Ukanda wa milimita 10 hadi 15 kando ya makali unapaswa kuwa na ugumu wa 50 hadi 60 kwenye kipimo cha ugumu wa chuma kiitwacho Rockwell C, na sehemu ya katikati yenye matundu ya ribiti ibaki laini, isizidi 35 hivi. Wewe ukitumbukiza wembe mzima, unaufanya wote kuwa kioo: ukigonga ribiti unapata ufa usioonekana, na jiwe la kwanza shambani linaumalizia. Kwa hiyo pasha makali peke yake, kwa gesi au kwenye makaa. Jaribu kwa sumaku. Ikiacha kushika, endelea kidogo tu mpaka rangi isogee kutoka wekundu kuelekea chungwa, kisha uzimishe ukanda huo kwenye oili. Oili ya kupikia iliyotumika inafaa, ukiwa umeipasha kiasi cha nyuzi 50 au 60 za Selsiasi, kwa sababu oili baridi ni nzito na hupoza kwa mabaka. Maji achana nayo. Kwa chuma chenye kaboni nyingi na unene huu, maji hupoza kwa haraka mno, upande mmoja unajivuta kabla ya mwingine, na hiyo ndiyo mipasuko unayoiona.

Wembe ukitoka kwenye oili ni mgumu lakini ni mwepesi kuvunjika. Usiufunge hivyo hivyo. Ung'arishe kwa msasa uonekane mweupe, kisha pasha upande wa kitako polepole na uangalie rangi ikitembea kuelekea makali: kwanza manjano hafifu, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu buluu. Kahawia hafifu ikifika kwenye makali, ambayo ni kama nyuzi 240, ondoa moto na uache upoe. Ukiiacha ifike buluu, karibu 300, wembe hautavunjika ila utakuwa butu kabla ya saa sita mchana. Mwenye oveni ya jikoni anaweza kuziweka zote kwa pamoja kwenye nyuzi 200 hadi 220 kwa saa moja, azipoze, kisha arudie. Hiyo ni njia ya uhakika kuliko jicho.

Mwisho ni kunoa. Mteremko wa nyuzi 22 unafaa kwa mpunga. Ukishuka chini ya 15 makali yanamong'onyoka, ukipita 30 mashine inaanza kubanwa. Huhitaji kipima pembe: kwa bati la milimita 2.5, uso wa mteremko ukiwa na upana wa milimita 6.5 hadi 7 uko kwenye 22. Ukikuta 5 tu, umefika 30. Wakati wa kunoa, buluu ikitokea mahali popote kwenye makali, ugumu wa hapo umekwisha. Endelea kusaga mpaka uipite.

Kipimo cha mwisho ni tupa. Kwenye makali iteleze, katikati ing'ate. Hata wembe mpya wa dukani ufanyie hivyo kabla ya kulipa. Zipo zinazong'aa vizuri huku tupa inazila kama sabuni.

Swali: Hamjambo wahariri. Nimefunga nyembe mpya zote kwenye kombaini, na bado mpunga unang'olewa na mizizi. Mabua yanayobaki yamechanika kama ufagio. Dereva anasema nyembe ni feki. Je, nizirudishe dukani?
*Mwenye mashine, Mwea, Kirinyaga*

Hatujambo, ndugu. Usizirudishe bado. Wembe haukati peke yake. Hukata ukisaidiwa na sahani, kama upande mmoja wa mkasi unavyohitaji wa pili. Ulibadilisha nusu ya mkasi. Zima injini, toa ufunguo ukae nao mfukoni, kisha zungusha puli ya kisu kwa mkono, ukikagua kwa mpangilio huu.

Angalia sahani kwanza. Pitisha ukucha kwenye ukingo wake: ukiteleza bila kukwama, ukingo umekuwa mviringo na wembe mpya hautasaidia kitu. Bua linainama, linaingia katikati ya wembe na sahani, linavutwa badala ya kukatwa. Kwenye udongo laini wa mpunga ndipo linapong'oka na mizizi yake. Vidole ambavyo sahani yake inatoka, badilisha sahani. Vingine inabidi ubadilishe kidole kizima.

Kisha pima mwanya. Ncha ya wembe inapaswa iguse sahani au iache nafasi isiyozidi nusu milimita. Nyuma, karibu na kitako, milimita 0.3 hadi 1. Ukikuta kinyume, yaani nyuma imebana na mbele pako wazi, kidole kimeinuka au kimeinama. Vuta uzi kutoka kidole cha kwanza hadi cha mwisho uone kipi kimetoka kwenye mstari. Cha chuma cha kufua unaweza kukirudisha kwa kipande cha bomba au nyundo. Cha kalibu, yaani cha kumimina, kitakatika ukijaribu, kibadilishe. Vibano vinavyokandamiza wembe kutoka juu viache nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.5. Vikibana zaidi, kisu kinapata moto na mkanda unateleza. Vikilegea, wembe unainuka kila unapokutana na bua gumu.

Cha tatu ni kitu ambacho madereva wengi hawakiangalii kamwe. Zungusha puli mpaka kisu kifike mwisho wa mwendo wake upande mmoja. Mstari wa katikati ya kila wembe unapaswa uwe juu ya mstari wa katikati ya kidole chake. Geuza, angalia na upande wa pili. Ukikuta umepungua milimita 10 huku na kuzidi 10 kule, upande mmoja wembe hauufikii mkato wote, na ndipo unapopata mstari wa mabua yaliyochanika unaojirudia shambani. Mkono wa kisu huwa na mahali pa kurefushia au kufupishia. Kama hauna, kagua beringi ya kichwa cha kisu, ikilegea mwendo unapotea hapo.

Vyote vikiwa sawa, rudi kwa dereva. Kila mara kisu kinapofanya mwendo mmoja, yaani kutoka upande huu hadi ule bila kurudi, mashine inasogea mbele kiasi fulani. Chukua mwendo wa mashine kwa mita kwa dakika, ugawe kwa mizunguko ya kisu kwa dakika mara mbili, kwa kuwa kila mzunguko una miendo miwili. Kwenye kilomita 3 kwa saa, ambazo ni mita 50 kwa dakika, na kisu cha mizunguko 500 kwa dakika, unapata milimita 50 kwa mwendo. Makali ya wembe wa inchi 3 yenye kimo cha 55 yanazimudu. Kwenye kilomita 5 unapata 83. Hapo mashine haikomi kukata, ila mabua ya mbele yanasukumwa na kuinama kabla wembe haujayafikia, na urefu wa mabua yanayobaki unapanda na kushuka. Ngano kavu iliyosimama, kama ile ya Narok, inavumilia hilo. Mpunga mbichi uliolala hauvumilii. Ongezea mkanda uliochoka, ambao unafanya kisu kiende 400 badala ya 500, na hesabu inaharibika hata kwa dereva mwenye adabu.

Swali: Shikamooni. Wembe wenye meno na wembe laini, upi ni bora?
*Mkulima, Ifakara*

Marahaba. Kwa mpunga na ngano, chukua wenye meno. Bua lililokomaa ni gumu, linateleza, na la mpunga limejaa silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga, ambayo inaweza kufika asilimia 10 au zaidi ya uzito mkavu wa majani yake. Silika hiyo inasaga makali kama msasa. Meno yanalishika bua lisikimbie mbele, na yanaendelea kukata hata yakiwa yamechakaa kidogo. Meno madogo ya kama 14 kwa inchi yanatosha kwa mpunga. Yale manene ya 7 hadi 9 kwa inchi ni ya mabua mazito kama ya soya.

Wembe laini ni wa nyasi mbichi. Utomvu wa nyasi unajaza meno na kugeuza wembe kuwa ubao. Tofauti nyingine ni ya mfuko: laini unanoleka, wa meno ya juu haunoleki kwa sababu ukiusaga unayafuta meno yenyewe. Upo wenye meno upande wa chini, huo unaweza kuusaga mteremko wake wa juu na meno yakabaki.

Swali: Nasomea uhandisi wa kilimo. Kwa nini wembe uwe pembetatu ya nyuzi 30? Nikiufanya uwe mkali zaidi, wa 45, na nikaongeza mizunguko, sitapata mkato mwepesi?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Swali zuri, na nusu yake uko sahihi. Makali yaliyolala kwa pembe (hizo 30 hupimwa kutoka uelekeo wa mashine, si ule mteremko wa kunoa) hukata bua kidogo kidogo, kwa hiyo nguvu inayohitajika kwa mara moja inapungua. Wembe wa nyuzi sifuri ungegonga bua zima kwa wakati mmoja. Lakini pembe ikizidi, bua linafinywa na kuteleza kuelekea ncha badala ya kubaki na kukatwa. Sheria yake ni hii: pembe ya wembe ukijumlisha na pembe ya sahani isizidi jumla ya pembe za msuguano (mwinamo ambao bua huanza kuteleza juu ya chuma) za bua dhidi ya vyuma vyote viwili. Nyuzi 30 za wembe na 6 hadi 8 za sahani zinakupa chini ya 40, ambazo bua kavu linazikubali. Ukienda 45 kwa wembe laini, utaliona bua la mpunga linaruka mbele. Meno yanakuongezea nafasi, ndiyo maana wembe wenye meno unasamehe makosa ambayo laini hausamehi.

Kuhusu mizunguko, fanya hesabu kabla ya kubadilisha puli. Tuseme kisu na vinavyokwenda nacho vina kilo 4, na nusu ya mwendo ni milimita 38. Kwa mizunguko 500 kwa dakika, nguvu ya kukisimamisha na kukirudisha kila mwisho wa mwendo ni karibu nyutoni 420, sawa na uzito wa kilo 43. Kwa 700 inakuwa karibu nyutoni 820. Umeongeza mizunguko kwa asilimia 40, na mzigo kwenye beringi, mkono na fremu umekaribia kuwa maradufu. Kama unataka kubuni kitu, anza kwa kupunguza uzito wa kisu.

Kwa kumbukumbu, pembetatu hizi ni za zamani kuliko injini. Obed Hussey wa Marekani alipata hataza ya mashine ya kuvuna mwishoni mwa mwaka 1833, miezi michache kabla ya Mmarekani mwenzake Cyrus McCormick kupata yake mwaka 1834. Mwaka 1847 alipata nyingine, ya kidole kilichoachwa wazi ili takataka zitoke zisikwamishe kisu. Ukiona tope na makapi yamejaa kwenye kidole chako leo, unaangalia tatizo lile lile.

Swali: Mashine yangu ya kukatia majani inatoa majani ya nepia marefu marefu yenye nyuzi, ng'ombe wanaacha. Mota inapata moto. Nimenoa visu mara mbili. Sasa nimeambiwa ninunue mota kubwa.
*Mfugaji, Limuru*

Mama au Baba, weka pesa mfukoni. Nepia yenye nyuzi ni dalili ya mwanya mkubwa kati ya kisu na chuma cha mdomoni kinachosimama. Mwanya unatakiwa uwe milimita 0.3 hadi 0.5. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina kama 0.1, kwa hiyo tatu au nne zipite kwa kubana. Kagua mwanya kwenye ncha zote mbili za kisu na kwa kila kisu. Ukikuta kimoja kiko sawa na kingine kiko mbali, hicho cha mbali hakikati, kinasukuma tu. Kisha ingiza karatasi moja na uzungushe gurudumu kwa mkono, umeme ukiwa umechomolewa. Ikikatika safi kutoka mwanzo hadi mwisho, umemaliza.

Angalia pia umenoa upande gani. Ubapa ulionyooka wa kisu ndio unaopita karibu na chuma cha mdomoni. Mteremko uko upande wa nje. Wengi wananoa pande zote mbili kama kisu cha jikoni, na hapo hapo mwanya unaongezeka bila wao kujua. Saga mteremko tu, nyuzi 25 hadi 30, ubapa usiuguse ila kuondoa vinyweleo. Chuma cha mdomoni nacho kina kona. Ikiwa mviringo, kigeuze, mara nyingi kina kona nne za kutumia.

Urefu wa vipande ni hesabu. Kama rola zinalisha mita 30 kwa dakika, visu ni viwili na gurudumu linazunguka mara 800, gawanya 30,000 kwa 1,600: unapata karibu milimita 19. Ukitaka 25, ongeza mwendo wa rola. Ukitoa kisu kimoja urefu unakuwa maradufu, na cha kufanya uzito ulingane kinakosekana.

Na uzito si jambo dogo. Baada ya kunoa, pima visu kwa mizani ya jikoni. Tofauti ya gramu 20 tu, kwa umbali wa sentimita 20 kutoka katikati na mizunguko 800, inavuta shafti kwa karibu kilo 3 kila mzunguko, na beringi ndizo zinazolipa. Bolti ziwe na alama 8.8 kichwani au zaidi. Bolti isiyo na alama usiifunge hapo hata kwa kusubiri kesho, maana kisu kwenye gurudumu la nusu mita kinakwenda mita 21 kwa sekunde.

Swali: Tuna mashine za mgongoni za kufyekea. Diski ya kuvunia mpunga ni ghali. Fundi anaweza kutuchomelea visu vya springi kwenye diski ya zamani?
*Kikundi cha vijana, Kilombero*

Hapana. Diski ya milimita 255 kwa mizunguko 7,000 ina mwendo wa mita 93 kwa sekunde kwenye ukingo, zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Mahali palipochomelewa chuma kigumu kinakuwa kama kigae pembeni ya weldi, na ndipo kitakapokatikia. Hakuna kinga ya plastiki itakayokizuia.

Nunueni diski moja yenye meno madogo 80, itumiwe kwa zamu pamoja na kile kibebeo cha bati kinacholaza mpunga upande mmoja. Soma mizunguko iliyoandikwa kwenye diski. Izidi ya mashine. Watu wakae mita 15 mbali. Mkiona ufa kwenye diski, hata mwembamba kama unywele, ikateni vipande viwili kabla ya kuitupa, kwa sababu ikitupwa nzima kuna mtu ataiokota aifunge.